Elfu ishirini ya nani?

Kila nikija Mombasa swali la barazani ni lile lile, eti huko Uingereza mwizi anabembelezwa, akiiba anaambiwa nenda nyumbani baba usirudie. Juzi Kisauni tumeshika vikombe vya kahawa chungu mambo yakaanza tena, kila mtu anasema yake, nikaona hapa sitamaliza maneno acha niandike.

Mimi naishi Leicester, huko huko Uingereza, mwaka wa kumi na moja huu, na mbali na kazi yangu huwa naitwa kutafsiri kortini. Siku moja ni jamaa alishikwa anaendesha gari halina bima. Mbele wamekaa watu watatu, na hao si mawakili wala nini, ni raia wa kujitolea tu waliopewa mafunzo, mtu wa sheria yuko pembeni kuwashauri. Jamaa akapewa fomu ajaze analeta nyumbani ngapi kwa wiki baada ya kodi, akaandika pauni 360. Sasa mwongozo wao kwa kosa lile unasema anzia mshahara wa wiki moja na nusu, yaani 540, na kwa vile amekiri siku ya kwanza theluthi inatoka, inabaki 360. Namtafsiria hesabu mstari kwa mstari, akaninong'oneza "kwa hivyo tajiri angelipa zaidi?" Mimi siruhusiwi kumjibu, kazi yangu ni kutafsiri, basi nikalitafsiri swali lake mbele ya watu wote na mwenyekiti akasema ndiyo, angelipa zaidi. Na msidhani alitoka akicheka, juu ya faini kuna asilimia 40 yake nyengine ya kuchangia mfuko wa waathiriwa wa uhalifu, kuna gharama za mashtaka, kuna pointi za makosa kwenye leseni. Lakini alijua hesabu ya ile faini imetoka wapi.

Nyumbani sasa. Kuna kijana wa mtaani kwetu alikuwa akisukuma mkokoteni wa kukodi, akapatikana na mabati mawili ya watu. Kortini kaulizwa ni kweli kasema ni kweli, dakika tano hazijaisha, elfu ishirini au miezi sita. Mamake akafungua fundo la leso pale pale kwenye benchi akahesabu, elfu tatu na mia nne na sarafu. Kabla yake alitoka mtu wa kesi nyengine, faini hiyo hiyo elfu ishirini, akatoa simu akalipa akaenda zake kula biriani. Sasa niambieni hiyo ni adhabu moja?

Na si kwamba sisi Kenya hatuna sheria, hapo ndipo panaponiudhi. Miongozo ya hukumu ipo tangu 2016, ikarekebishwa 2023, na inamtaka hakimu aangalie mtu ana uwezo gani kabla ya kumpiga faini. Sheria ya kazi za jamii ni ya 1998, mtu wa kifungo cha hadi miaka mitatu anaweza kufagia hospitali badala ya kulala ndani. Hata ile hukumu ya lazima ya kunyongwa kwa muuaji, majaji wa rufaa waliikataa wakiwa wamekaa hapa hapa Mombasa, 2010, kabla ya Mahakama ya Juu kusema hivyo 2017, hoja yao ni kwamba hakimu aachiwe nafasi amtazame mtu aliye mbele yake. Sasa wa mabati mbona hakutazamwa?

Uingereza nako si peponi jamani, jela zilijaa mpaka 2024 wengine wakaanza kutolewa wakiwa wametumikia asilimia 40 tu ya kifungo, waathiriwa wakalia, na walikuwa na haki ya kulia.

Mzee mmoja pale barazani akauliza, na huyo wa mabati aliishia wapi? Alitoka baada ya miezi minne, jela nako kuna theluthi yao ya kupunguza. Mkokoteni ulikuwa keshapewa mtu mwengine.