Bosi ataka moyo, mfanyakazi ataka tarehe ya mshahara

Ukipita ufuo wa Pirates pale Bamburi, Mombasa, mwisho wa mwaka utaona kampuni zimeleta watu wao, fulana rangi moja, kamba ya kuvutana, na mtu mwenye kipaza sauti awaambia nyinyi ni familia. Mimi sina neno na watu kufurahi, kuna wafanyakazi ambao hio ndio siku pekee ya mwaka wanakula meza moja na bosi wao na wanaikumbuka. Shida ni Jumatatu yake, wengi wao warudi kwa kontrakti ya miezi mitatu inayokatwa na kuanzishwa upya, mshahara mwezi huu umeingia tarehe 3 mwezi ujao tarehe 14, halafu bosi auliza kwa uchungu kabisa, mbona hawa watu hawafanyi kazi mpaka niwasimamie?

Swali lenyewe ni la haki na si la Mombasa peke yake. Shirika la Gallup ambalo hupima haya mambo dunia nzima lilipata mwaka 2024 ni asilimia 21 tu ya wafanyakazi walioweka moyo kazini. Kwa hivyo anayesema watu wa pwani ni wavivu aache, hili lipo kila mahali.

Na upande wa bosi tuusikize vizuri kwanza manake mara nyingi watu huuruka. Hoteli za huku zaishi kwa msimu, Disemba vyumba vimejaa, Mei mvua za masika zimeshika korido ni tupu lakini bili ya stima yaja vile vile. Korona ya 2020 ilifunga hoteli nyingi kabisa. Kwa upande wa bandari, 2019 ilipoamriwa kontena zipakiwe treni ya SGR moja kwa moja mpaka Nairobi yadi nyingi za kontena za hapa zilibaki bila kazi na watu wakaandamana, na amri ile ilikuja kuondolewa kabisa 2022. Mwenye yadi aliyepitia hayo, ukimwambia aajiri watu ishirini wa kudumu aona unamtafutia kesi. Juu ya hapo kuna NSSF, ile akiba ya uzeeni ya mfanyakazi, ambayo naye bosi alipa fungu lake, na tangu 2024 sheria ya nyumba za bei nafuu yamtaka aongeze asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mtu kutoka mfukoni mwake. Halafu ukweli mwingine usemwe, kuna mfanyakazi ambaye bosi akienda kuswali tu yeye simu iko mkononi na mteja amesimama kaunta dakika kumi hajaulizwa hali.

Lakini hebu muangalie mfanyakazi mwenyewe anatoka wapi. Mtu akaa Likoni kazi iko Nyali, aamka kabla ya adhana ya alfajiri, apange foleni ya feri, avuke, apande matatu, na nauli yapanda mvua ikinyesha. Akifika aambiwa leo hauko kwenye shifti, rota ilibadilishwa jana usiku ikatumwa WhatsApp yeye hana bando. Huyo mtu ameshatumia pesa na nguvu na hajaingiza shilingi, na kesho ukimtaka atabasamu kwa mgeni atatabasamu ndio, mdomo tu. Au yule kibarua wa godauni Shimanzi anayesimama getini asubuhi akingoja kuchaguliwa, leo yuko ndani kesho yuko nje, kwa nini ajali bosi amepoteza magunia mangapi?

Mji huu wayajua haya zamani. Januari 1947 watu wa bandari, wa reli, wa hoteli mpaka watumishi wa majumbani waligoma karibu wiki mbili, mji ukasimama, na Chege Kibachia aliyewaongoza akaja kukamatwa mwaka huo huo na kupelekwa mbali. Mambo mengi yaliwaudhi, mshahara duni, maisha ghali, na mfumo wa kuokota watu wa kutwa ulikuwa umewachosha. Miaka ya 1950 wakoloni wenyewe wakaanza kuupunguza pale bandarini wakataka watu wanaojulikana, wanaokuja kila siku, na haikuwa huruma, walitaka meli zishushwe kwa mpango.

Henry Ford naye, yule wa kiwanda cha magari kule Marekani, alifika hapo hapo mapema zaidi. Watu walikuwa wanaingia kiwandani kwake na kutoka, 1913 ilibidi aajiri upya mara nyingi kuliko idadi ya watu aliokuwa nao, Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku na saa zikashuka kutoka 9 hadi 8, na watu wakatulia. Ila pesa ile ilikuja na masharti, alituma wachunguzi majumbani mwa wafanyakazi waangalie wanaishi vipi, kwa hivyo hata yeye si wa kuigwa kila kitu.

Wale wa semina watakujibu kwamba pesa haileti motisha, na wengi wanategemea utafiti wa 1959 wa Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, kwamba mshahara mbaya wakuudhi lakini kinachokusukuma ni kazi yenyewe, kusifiwa, kupewa jukumu. Nakubali nusu. Wale aliowahoji Herzberg walikuwa mainjinia na wahasibu kama mia mbili wa Pittsburgh, watu wenye mshahara wa kueleweka tayari. Huwezi kuchukua maneno yao ukamwambia nayo mtu asiyejua Alhamisi atakula nini.

Kwa hivyo mimi naona ni suala la kipi kinaanza. Tarehe ya mshahara isichezewe, hata kama ni mdogo. Rota itoke wiki moja kabla. Ofu ya siku moja kwa wiki na likizo ya siku 21 kwa mwaka zimo kwenye sheria ya ajira ya 2007 na si zawadi, na sheria hio hio yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi basi ahesabiwe wa mwezi. Msimu mbaya ukija bosi awaite mapema awaonyeshe hesabu, wakubaliane wapunguze siku au wachukue likizo, watu wa hapa waelewa sana wakiambiwa ukweli mapema. Baada ya hapo ndio sifa na fulana zafanya kazi.

Na supavaiza jamani. Twamchukua haosikipa hodari kuliko wote twampa cheo bila kumfunza hata siku moja kusema na watu, afoka mbele ya wageni, wazuri watatu waondoka, halafu lawama yaenda kwa mshahara. Kumfunza huyu mmoja ni bei rahisi kuliko ile tim bildingi nzima ya Pirates.

Haya yote yakiwepo na mtu bado ajikokota, hapo nasimama na bosi. Amuite, amwambie kosa lake kwa lugha anayoielewa, mfanyakazi aje na mwenzake wa kazi kama sheria inavyotaka, asikizwe, na ikibidi aende.