Vaibreta Yetu Imeonekana Baharini

Mimi ni stoo kipa, saiti yetu iko Raskazone hapa Tanga, na kazi yangu siku zote ni daftari na peni, fundi akichukua grainda anasaini, akirudisha anasaini, asiporudisha namfuata kwake Ngamiani namkuta anakatia mageti ya watu. Yameisha.

Sasa injinia wetu, kijana mzuri ila anapenda mno vitu vya kwenye simu, akaja na vitraka. Vidude vyeusi, ndani kuna betri na laini ya simu, unabandika kwenye mashine halafu unaiona kwenye ramani popote ilipo, na ukibonyeza kitufe kwenye programu kinapiga kelele ili mwizi aumbuke. Akaanza na vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lisiache mapengo, maana kesho yake ndo tulikuwa tunamwaga slabu. Jioni nikaiingiza kwenye kontena, nikaandika, nikapiga kufuli nikaenda zangu Makorora.

Saa 11 alfajiri mlango unagongwa, injinia huyo na bodaboda. "Stoo amka, vaibreta imeibiwa, iko baharini!"

Nikamwambia injinia, hiyo mashine nimeifungia mwenyewe na ufunguo huu hapa, tupite kwanza saiti. Hataki kusikia. "Mpaka tukague kufuli wenzetu wameshafika Pemba. Ramani haidanganyi."

Haya bwana. Mshikaki hao mpaka Deep Sea, tukampata babu mmoja mwenye mtumbwi, shikamoo babu, marahaba, injinia akamwonyesha simu. Kadoti kekundu kametulia katikati ya maji, huku ni kisiwa cha Toten kule ni mjini. Babu akaisogeza simu mbali kidogo na macho, akaitazama weee, akauliza, "Sasa hao wezi hapo wamesimama juu ya nini?"

Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile na hakuna aliyelijibu. Tukapanda.

Tukafika pale pale kwenye kadoti, maji matupu. Injinia anabonyeza kitufe, tunatega masikio, kimya. Anabonyeza tena. Mara kadoti kakaruka kakaenda mikokoni. "Wanakimbia! Babu kata kulia!" Babu akakata kulia huku anatikisa kichwa, akasema bamvua hili maji yanatoka kwa kasi, injinia akamwambia we piga kasia tu. Tukapiga kasia mpaka mtumbwi ukakaa kwenye tope, ukakaa kweli kweli, nikashuka kusukuma nikazama mpaka magotini na kandambili moja ipo huko mpaka leo.

Simu yangu ikaita. Mlinzi.

"Stoo mwanangu, samahani, humu ndani ya kontena kuna kitu kinalia. Kinanyamaza, kinalia tena. Nimeshasoma Ayatul Kursiy hakisikii. Nivunje kufuli au nimwite shehe?"

Nikamgeukia injinia, kidole bado kiko kwenye kitufe. Nikamwambia hebu bonyeza. Akabonyeza. Kwenye simu nikasikia piii piii piii na mzee anapaza sauti "Audhubillahi!"

Kumbe kile kidude kinatafuta setelaiti zilizoko juu kilomita 20,000 hivi, na mimi nimekilaza ndani ya chuma pande zote, kitaziona wapi? Kikizikosa kinakisia kwa minara ya simu, na mnara unaweza kukupeleka mbali na ulipo, ukibadilika mnara na kadoti nako kanahama. Tena pale kwenye ramani kulikuwa na duara kubwa la bluu iliyopauka limefunika nusu ya mji na bahari yake, maana yake mashine iko mahali fulani humu ndani, lakini injinia macho yote kwenye kadoti.

Saiti huko vibarua wa zege wameshafika, mikisa inazunguka, mama ntilie keshapakua chai, fomeni anapiga simu anataka vaibreta na ufunguo uko mfukoni kwangu, matopeni. Injinia akamuuliza babu kwa heshima sasa, maji yanarudi lini. "Baada ya adhuhuri huko." Halafu babu akajilaza kwenye mtumbwi wake, kofia usoni, akaanza kutuhesabia kwa vidole: hela ya kuja, hela ya kurudi, na hela ya kukaa.