Pendekezo lisilo amri: halmashauri huogopa nini hasa?

Mama mmoja mtaani kwetu ana bahasha ya kaki yenye barua nane. Tano ni zake mwenyewe, alizoiandikia halmashauri, na nakala ya kila moja ina muhuri wa zambarau wa masijala: IMEPOKELEWA, na tarehe. Ya sita inatoka ofisi inayochunguza malalamiko ya wananchi. Haifiki mistari kumi, na inamtaka mkurugenzi aeleze kwa maandishi kwa nini kalavati la barabara ya mtaa limeelekezwa uani kwa mlalamikaji. Mbili za mwisho ni majibu ya halmashauri.

Zile tano zilikaa miaka miwili bila kujibiwa hata kwa mstari mmoja. Baada ya ile ya sita, mhandisi alifika na tepu ya kupimia kabla mwezi haujaisha. Akainama, akapima, akaandika kwenye daftari, na kiangazi kile kile kalavati likageuzwa. Ukuta wa chumba cha nyuma, ambao maji yalikuwa yameshaupasua, haujalipwa mpaka leo.

Ukimsimulia mtu kisa hiki, anachoking'ang'ania ndicho kinachokuonyesha yuko upande gani. Wanaosema mchunguzi wa malalamiko hana faida watakuonyesha ukuta. Mimi naliona kalavati, na sababu zangu nitazieleza. Lakini ukuta nao una haki ya kusemewa kwanza.

Hoja ya wakosoaji hao ni nzito. Hapa kwetu Tanzania mchunguzi huyo ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2001 na kuanza kazi 2002 chini ya Jaji Robert Kisanga. Inapokea malalamiko bure, kwa barua au kwa mdomo, bila mlalamikaji kuhitaji wakili. Inachunguza, inasuluhisha pale inapowezekana, na mwisho inatoa mapendekezo. Aliyelalamikiwa hupewa muda usiozidi miezi mitatu aeleze amechukua hatua gani. Asipofanya lolote, Tume inaweza kwenda mahakamani au kumshauri mwenye haki aende. Yenyewe haiwezi kumwamuru mkurugenzi alipe hata shilingi.

Udhaifu huo ulionekana wazi Nyamuma, wilayani Serengeti. Oktoba 2001 wananchi waliondolewa kwa nguvu kwenye ardhi yao na nyumba zao zikachomwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilipeleka malalamiko kwa niaba ya watu 135. Tume ikafika, ikasikiliza mashahidi, na mwaka 2004 ikatamka kwamba wananchi walionewa, walipwe fidia na warudishwe. Serikali ikakataa. Shauri likaingia mahakamani na kupanda hadi Mahakama ya Rufani, na wakati wanasheria wanabishana kifungu kinaruhusu utekelezaji kwa njia ipi, watu wale walikuwa bado hawana nyumba. Anayeisoma habari hiyo kisha akasema tuipe Tume meno, siwezi kumwambia amekosea kukasirika.

Kenya wamepitia njia hiyo hiyo. Tume yao ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman, yaani mchunguzi wa malalamiko ya wananchi, ina kaulimbiu inayogusa moyo: Hata Mnyonge ana Haki. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mapendekezo ya tume hiyo hayazifungi ofisi za umma kuyatekeleza. Wengi waliusoma uamuzi ule kama tangazo la msiba.

Tatizo langu na hoja hii ni kwamba inaichukulia amri kama kitu kinachoongezwa tu juu ya kazi ya mchunguzi, na kazi yenyewe ikabaki kama ilivyo. Haiwezi kubaki hivyo. Chombo ambacho neno lake linaifunga halmashauri ni lazima kiendeshwe kama mahakama: kuwe na hati ya madai, utetezi, mashahidi wa kuhojiwa na rufaa. Siku ya kwanza mwanasheria wa halmashauri ataweka pingamizi la awali, na ni haki yake. Barua ya mistari kumi itageuka jalada. Na mama wa bahasha ya kaki, aliyeandika barua zake kwa mkono kwenye karatasi za daftari la mjukuu wake, atajikuta amesimama peke yake mbele ya wakili msomi.

Mahakama tunazo tayari, na tujiulize zinamwomba nini mtu mwenye kalavati. Tangu marekebisho ya sheria ya 2020, anayetaka kuishtaki halmashauri hutoa kwanza notisi ya siku 90, humuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri husikilizwa Mahakama Kuu. Kwa mgogoro wa ardhi ya mamilioni huenda mtu akavumilia. Kwa bomba la saruji lililoelekezwa vibaya, masika mawili yatapita kabla hajaitwa jina.

Lipo jambo jingine ambalo wakosoaji hulipita haraka. Ofisa anayejua kwamba mchunguzi hatamhukumu hulifungua faili. Nimezungumza na watumishi wa halmashauri kadhaa kwa miaka, na karibu wote wana tabia moja: wakiona wito wa mahakama wanafunga mdomo na kumwachia mwanasheria, wakiona barua ya kuuliza wanaanza kutafuta dokezo liko folio ya ngapi. Makosa mengi ya halmashauri yanaishi humo, kwenye dokezo lililoandikwa "kwa hatua" na kupelekwa kwa mtu aliyekwishahamishwa wilaya. Hakuna mwizi wala mbabe, ni barua tu iliyokosa mwenyewe. Hukumu haiiponyi hali hiyo. Inaponywa na mtu wa nje mwenye haki ya kuuliza barua hii iko wapi, na kuuliza tena wiki mbili baadaye.

Sasa nije kwenye takwimu ambayo nimekaa nayo muda mrefu. Uingereza, kwa maana ya England, wana mchunguzi wa malalamiko dhidi ya serikali za mitaa tangu sheria ya 1974. Siku hizi anashughulikia pia huduma za ustawi wa wazee na walemavu. Mapendekezo yake hayazifungi halmashauri, kama ya kwetu tu. Katika mwaka wa 2023/24 alipokea malalamiko na maulizo karibu 18,000, na kati ya yale aliyoyachunguza kwa kina, asilimia 80 aliona mlalamikaji ana haki. Halmashauri zilitekeleza zaidi ya asilimia 99 ya mapendekezo yake. Asilimia 99, bila amri.

Mwanzoni nilidhani nimepata jibu la mjadala wote. Kisha nikaanza kuipekua. Asilimia hiyo inahesabiwa baada ya chujio. Malalamiko mengi hayafiki kwenye uchunguzi wa kina: mlalamikaji hajamaliza ngazi za malalamiko ndani ya halmashauri yake, au amechelewa zaidi ya miezi 12, au madhara yenyewe ni madogo, au njia ya mahakama ipo wazi kwake. Wanaohesabiwa ni waliopenya. Halafu mapendekezo yenyewe mara nyingi hayana gharama kubwa: kuomba radhi, pauni mia chache kwa usumbufu, kupitia upya utaratibu, kuwafunza watumishi. Halmashauri yenye bajeti ya mamilioni ya pauni haitaki ugomvi kwa pauni mia tatu. Kama pendekezo lingekuwa kuwarudisha watu 135 kwenye ardhi, sidhani kama 99 ingesimama.

Kwa muda nikawaza kwamba basi takwimu hiyo haitufai. Lakini kilichonirudisha ni zile barua tano. Kujibu barua kunagharimu nini? Karatasi moja na saini. Kugeuza kalavati ni vibarua wanne kwa siku mbili. Kama urahisi wa jambo ungetosha kulifanya litekelezwe, mama yule asingesubiri miaka miwili. Mambo mepesi ndiyo yanayokwama zaidi kwetu, kwa sababu hakuna anayepoteza chochote yasipofanyika. Kwa hiyo swali linabaki: kwa nini kule hata mambo mepesi yanatendeka karibu yote?

Jibu liko kwenye vifungu ambavyo watu hawavisomi. Mchunguzi wa England akitoa ripoti ya wazi dhidi ya halmashauri, halmashauri hiyo inalazimika kuitangaza gazetini na kuiweka mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Ina miezi mitatu ya kuijadili na kujibu. Mchunguzi asiporidhika anatoa ripoti ya pili, na hiyo ni lazima iende mbele ya baraza zima la madiwani, haiwezi kumalizwa na kamati ndogo au ofisa mmoja. Wakikataa bado, anaweza kuwataka wachapishe taarifa katika gazeti linalosomwa eneo lao, mara mbili ndani ya wiki mbili, kwamba mchunguzi alipendekeza hili na wao hawakulifanya. Na tangu 2013 maamuzi yake kwa kawaida huwekwa kwenye tovuti yake, jina la halmashauri likionekana na la mlalamikaji likifichwa.

Diwani anayetafuta kura hawezi kuishi kwa amani na tangazo la namna hiyo.

Anayesema hayo ni ya Uingereza, hapa kwetu aibu haimgusi mtu, namwomba amtazame Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). CAG hamfungi mtu, hamfukuzi mkurugenzi, na hati yake ni maoni ya kitaalamu. Hata hivyo nenda kwenye halmashauri yoyote wiki ambayo wakaguzi wapo. Vocha zinatafutwa, stakabadhi zinapangwa, mweka hazina halali. Hati yenye mashaka au hati chafu inasomwa bungeni, inatajwa redioni kwa jina la halmashauri, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa inamwita mkurugenzi ajieleze. Watumishi wale wale tunaosema hawaogopi chochote wanaliogopa neno ambalo halina amri ndani yake. Wanaliogopa kwa sababu lina msomaji.

Mapendekezo ya uchunguzi wa malalamiko hayana msomaji wa namna hiyo kwetu, na hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na wanaodai meno. Historia yetu yenyewe inalieleza hili. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuwa na ombudsman: Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, 1966, chini ya Chifu Erasto Mang'enya. Makamishna walizunguka mikoani, wakikaa na wananchi na kuandika malalamiko yao papo hapo. Lakini ripoti zao zilikwenda kwa Rais, na yeye ndiye aliyeamua zifanyiwe nini. Nguvu yao yote ilikuwa ya kuazima: ofisa aliitikia kwa sababu ya aliye nyuma ya tume. Tulirithi tabia hiyo ya kuandikiana ndani kwa ndani, ofisi kwa ofisi, hata baada ya sheria kubadilika. Aliyeshinda malalamiko yake anajua yeye, mkurugenzi na faili. Jirani yake ambaye kalavati lake limeelekezwa vile vile hajui.

Tusiwasahau pia wanaofanya kazi yenyewe. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na Tume ina makao makuu na matawi ya kuhesabika kwa vidole. Kabla ya uteuzi wa 2019 kuna kipindi ilikaa bila makamishna kabisa. Chombo hicho ukikipa mamlaka ya hukumu kesho, utakuwa umekipa rundo la kesi ambazo hakina watu wa kuzisikiliza.

Kwa yale mambo mazito, ya ardhi na ya nyumba zilizochomwa, nakubali njia ya mahakama iwepo na iwe fupi zaidi. Tume ikishathibitisha ukweli baada ya kusikiliza pande zote, mwananchi asianze upya kama aliyeanguka kutoka mbinguni. Sheria iseme kwamba matokeo ya uchunguzi yanapokelewa mahakamani kama ushahidi mpaka halmashauri iyapinge. Kenya, licha ya uamuzi wa 2021, sheria yao inairuhusu tume kupeleka bungeni taarifa ya ofisi iliyokaidi, na hiyo ni silaha ambayo ingeweza kutumika mara nyingi zaidi.

Kwa mambo yaliyobaki, ambayo ndiyo mengi, ninachokiomba hakihitaji mahakama mpya. Kila kikao cha robo mwaka cha baraza la madiwani kipokee orodha: malalamiko yaliyofika kwa mchunguzi, alichopendekeza, kilichofanyika, ambacho hakijafanyika na sababu yake. Orodha hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za watendaji, pale pale yanapobandikwa mapato na matumizi, na isomwe kwenye mkutano wa mtaa kwa Kiswahili ambacho kila aliyehudhuria anakielewa.

Barua ya nane kwenye ile bahasha inasema suala la ukuta "linafanyiwa kazi". Ina saini, ina kumbukumbu namba, na imefikisha miezi kumi na minne. Hakuna diwani hata mmoja aliyewahi kuiona.