Vokalizi inasingiziwa

Watetezi wa uimbaji wa vijijini Ukraine wana lawama moja kwa walimu wa sauti wa vyuoni: vokalizi, yaani kuimba kwa irabu tupu, humvua mwanafunzi lugha yake na kumvika sauti ya Kiitaliano. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Mazoezi maarufu, kama yale 50 ya Concone, mwalimu wa sauti wa Kiitaliano, yametoka kwenye mapokeo ya Kiitaliano, na irabu inayotawala ni "a". Aliyelelewa kwa "a" pekee akikabidhiwa wimbo wa Kiukraine hukwama kwenye и, sauti iliyo kati ya "i" na "e": ulimi hurudi nyuma na neno likazama kooni.

Lakini kuuita uimbaji usio na maneno ugeni ni kuisahau Polissia, eneo la kaskazini mwa Ukraine, ambako nyimbo za kuita majira ya kuchipua humaliza ubeti kwa "hu!" inayorushwa juu. Naye Glière, mtunzi mzaliwa wa Kyiv aliyewahi kuongoza chuo cha muziki cha huko, aliandika mwaka 1943, akiwa ameshahamia Moscow, konseto nzima ya soprano, sauti ya juu ya kike, na okestra isiyo na neno hata moja.

Hoja nzito zaidi iko kwenye hezi, kipimo cha mitetemo ya sauti kwa sekunde. Irabu hutambulika kwa miangwi ya koo na kinywa, yaani viwango vya mitetemo ambavyo koo na kinywa huvikuza. Mwangwi wa kwanza wa "i" uko takribani hezi 300. Wa "a" ya mwanamke, kama 800 hadi 900. Noti A ya juu ya soprano ni hezi 880. Hapo "i" haina pa kushika, noti yenyewe imeshaupita mbali mwangwi wake, na msikilizaji husikia kitu cha jamii ya "a". Mwimbaji aking'ang'ania, midomo huvutika pembeni, zoloto hupanda, sauti hukwaruza. Kwa hiyo neno linalodaiwa kuuawa na vokalizi, kule juu lilishakufa kwa fizikia. Kilichobaki ni kujua kufungua kinywa kidogo kidogo kadiri noti zinavyopanda, na hilo halifunziki konsonanti zikiwa njiani. "T" na "k" hukata sauti na kuianzisha upya, zikificha uunganishaji mbovu. Irabu tupu haifichi: ile "ha-ha-ha" kati ya noti ni pumzi inayovuja kwa sababu mwimbaji anaisukuma upya kila noti.

Zoezi lenyewe ni fupi, dakika 15 hivi. Midomo ifungwe, meno yaachane, "m" ipande na kushuka noti tano, kisha ifunguke kuwa "a". Kila mzunguko nusu toni juu. Halafu irabu zote sita za Kiukraine kwenye noti moja, kwa pumzi moja. Taya likitikisika, shina la ulimi limekaza. Rudi kwenye "m". Hatua inayorukwa, na kurukwa kwake ndiko kunakozaa lawama, ni kuimba wimbo wenyewe kwa irabu zake tu kabla ya kurudisha konsonanti. Kiukraine kinaifaa sana hatua hii, kwani "o" isiyo na mkazo hubaki "o" kamili, si kama Kirusi kinavyoigeuza.

Anayetaka sauti nyeupe ya kijijini tu, ile ya kifua iliyo wazi, afanye zoezi hilohilo kwa sauti hiyo, ila asilipandishe sana kupita A iliyo juu ya do ya kati. Kifua kikilazimishwa zaidi ya hapo, nyuzi za sauti huvimba na kesho yake hakuna mazoezi.