Kochi Halina Kiuno

Mwenzenu nimegombana na kochi. Kochi la watu watatu, halina mdomo wala miguu ya maana, limenitoa jasho Jumamosi mbili mfululizo, na hadi leo nikilipita sebuleni tunatazamana kwa pembeni.

Chanzo ni fundi. Nilimpelekea kitambaa kabla ya Ramadhani anishonee makava. Kila nikipita: "Kaka, kazi yako imeisha, imebaki vifungo tu." Jamani, kava la kochi lina vifungo wapi? Safari ya tano nikachoka. Nikakichukua kitambaa changu, kimekunjwa vilevile kama kilivyotoka Kariakoo, hakijaonja mkasi, nikarudi nacho Tandika nimekibana kwapani. Nikamwambia mama watoto: "Kushona ni kuunganisha vitambaa viwili. Hilo nalo la kumlipa mtu?" Akaniangalia, akaendelea kuchambua mchele. Huyo mwanamke akinyamaza hivyo, ujue anajiandaa kucheka.

Cherehani ipo ndani, ya kukanyaga, ya marehemu bibi yake. Miaka yote tunaiwekea televisheni. Basi televisheni ikahamia sakafuni, nami nikavaa futi kamba shingoni. Nilipendeza, nisiwafiche.

Sasa futi kamba ina inchi 60. Kochi langu linazidi hapo. Kwa hiyo unapima, futi inaisha, unaweka kidole, unahamisha, mtoto anakuja na daftari, "Baba, saba mara nane?", unamjibu, ukirudi kidole hukumbuki kilikuwa wapi. Nimelipima mara tatu nikapata makochi matatu. Na mimi miaka yote najua kochi ni boksi! Hakuna boksi pale. Mgongo umelala nyuma kama mzee wa baraza, mikono imenenepa mbele imekonda nyuma, na pale kalio linapokutana na mgongo kuna shimo lisilo na mwisho. Humo nimeokota kalamu mbili, sarafu ya shilingi 200, na rimoti ambayo kuna mgeni tulimhisi vibaya mwaka juzi. Mgeni huyo kama unasoma, tusameheane. Afadhali ya binadamu, ana bega, ana kiuno, fundi ana pa kuanzia.

Nikakata. Mkono wa kwanza ulitoka vizuri hadi nikaita watu waje waone. Nikauchukua huohuo nikaulaza juu ya kitambaa, nikazungushia chaki, nikakata wa pili. Nilipokwenda kujaribisha ndipo nikagundua nina mikono miwili ya kushoto. Upande wa kulia nikaupindua upande wa ndani uwe nje, ukakaa, lakini maua yake yamepauka kama yamekaa juani. Na upande wa kushoto yamening'inia vichwa chini. Ni maua makubwa mekundu, huwezi kuyafanya yasionekane.

Kushona ndiko usiniulize. Ile cherehani gurudumu lake ulisukume kwa mkono kuja kwako, ndipo mguu ufuate. Mguu ukiwahi, gurudumu linarudi nyuma, uzi unajisokota chini kama tambi. Nimekata uzi mpaka watoto wakawa wanahesabu kwa sauti. Nikafika kwenye kona, vitambaa vinne vimepandana, nikakanyaga kwa hasira, sindano ikavunjika kipande kikarukia kwenye kikombe cha chai. Nikaenda dukani. "Sindano namba ngapi?" Nikasema ya cherehani. Muuza duka akamwita mwenzake kutoka ndani aje anisikilize. Ndipo nikaambiwa kitambaa kizito kama kile ni namba 16, na mimi nilikuwa natumia ile bibi aliyokuwa akishonea blauzi.

Nikarudi, nikafunga namba 16, na hapo ndugu zangu nikateleza. Tru-tru-tru, mgongo mzima, pande zote, nusu saa sijasimama. Nikasema kumbe kipaji nilikuwa nacho, nimekikalia tu. Nikaunyanyua juu kwa mikono miwili mama watoto auone. Vipande vikaachana, kimoja kikabaki mkononi kimoja kikaanguka. Uzi wa chini ulikuwa umeisha kitambo. Bobini tupu. Nusu saa nzima nimetoboa kitambaa.

Hapo ndipo aliposema neno. "Ungelivalisha kochi hicho kitambaa, upande wa ndani uwe nje, ukabana pini hukohuko kufuata umbo lake, kisha ukavua ukashona penye pini. Wala usingehitaji hesabu." Nikamuuliza amejulia wapi. "Sayansi kimu, shule ya msingi." Na mchele ulikuwa umeshachambuliwa siku nyingi.

Kava likaisha, likavaliwa, wiki moja. Mtoto akamwaga chai. Likafuliwa, likaanikwa, na nilipolirudisha likagoma. Pamba hiyo, inatakiwa ilowekwe na kukaushwa kabla hujaikata, maana ikishafuliwa mara ya kwanza inarudi. Yangu imerudi kwelikweli. Kochi sasa linaonyesha miguu kama mwanafunzi aliyerefuka likizo na sare ni ya mwaka jana.

Jumapili akaja mama mkwe kutoka Tanga. Shikamoo, marahaba, akaketi. Alivyoketi kava likamfuata, likazama lote kwenye lile shimo la rimoti. Akalivuta taratibu, akalitazama mshono kwa mshono, akafungua begi lake, akatoa vitambaa vyake vya kufuma, akaviweka kimoja mgongoni, viwili mikononi. Vikafunika kushoto, vikafunika kulia. Mimi nikatazama dari.

"Hii kazi ya nani?"

"Ya mkweo, mama," mama watoto akawahi, sauti ya asali. "Ameshona mwenyewe."

"Alhamdulillah. Basi kule kwangu nina seti ya watu saba, na kitambaa ninacho."

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Kitambaa kimeletwa na basi, mita 18, kiko juu ya kabati. Jana amepiga simu.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Kazi yako imeisha. Imebaki vifungo tu."