Mmepima Fenoli au Mmepima Sukari?

Juzi kwenye maonyesho kijana mmoja alinishikisha chupa ya asali ya Tabora yenye kibandiko: "Fenoli mara tano ya asali ya kawaida." Fenoli ni zile kemikali za mimea zinazosifiwa kwa afya. Asali ya kawaida ndiyo ipi, mdogo wangu? "Maabara imethibitisha, dada." Mmepima kwa njia gani? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza mshahara wake.

Nikaomba ile karatasi ya maabara. Kipimo cha Folin-Ciocalteu, nilijua tu! Dawa ya njano, ikikutana na fenoli inageuka bluu, mashine inasoma ukali wa rangi, jibu linaandikwa kwa miligramu za asidi ya galiki, fenoli moja inayotumika kama kipimo cha kulinganishia. Rahisi, haina gharama kubwa, na kwenye majani ya chai sina ugomvi nayo. Lakini dawa ile haichagui. Fruktosi na glukosi nazo huigeuza bluu, kidogo kidogo. Sasa asali ni sukari karibu gramu 80 katika kila 100, na fenoli tunazihesabu kwa miligramu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinajazwa na sukari! Halafu mtu anachapisha namba hiyo kwa wino wa dhahabu.

Na njia ya kuepuka kosa hilo ipo. Changanya asali na maji yenye asidi kidogo, pitisha kwenye resini, chembe za plastiki zinazonasa fenoli: sukari inaondoka na maji, fenoli zinabaki, unazitoa kwa methanoli, ndipo unapima. Ukishindwa hilo, basi pima pembeni maji ya sukari tupu ya kiwango kilekile, uiondoe namba yake kwenye jibu la asali. Kromatografia, njia ya kutenganisha viambata kimoja kimoja, ingekutajia kila kiambata kwa jina lake, ila ni ghali, sikatai.

Haya, nakubali pia kwamba asali nyeusi kwa kawaida huizidi nyeupe kwa fenoli. Huenda ya kijana yule ni nzuri kweli. Ndicho kinachoniuma.

Baba mdogo wangu yuko Sikonge, hukohuko Tabora, anatundika mizinga juu ya miti ya mitundu, na asali yake inanunuliwa kwa ndoo bila mtu kuuliza nyuki walitua ua gani. New Zealand, kabla asali yao ya maua ya manuka haijasafirishwa nje, inapimwa kemikali nne na DNA ya chavua, sheria tangu 2018. Wenzetu wanauza ushahidi. Sisi tunauza kibandiko.

Chupa nilinunua. Elfu kumi na tano, bila risiti.