Kozi ya ujasiriamali ikimpunguza mwanafunzi hamu

Vyuo vingi huipima kozi ya ujasiriamali kwa swali moja: wanaotaka kufungua biashara wameongezeka? Mimi naona swali hilo halitoshi.

Mwaka 2010 Oosterbeek, van Praag na Ijsselstein walichapisha utafiti wa chuo kimoja cha Uholanzi ambako wanafunzi hujifunza kwa kuendesha kampuni ndogo. Ikilinganishwa na wenzao wasiopitia mpango huo, hamu yao ya kujiajiri ilishuka. Wasioamini kozi hizi watasema biashara haifundishwi darasani. Huenda. Lakini aliyekwisha kugombana na mshirika mzembe na kukimbizana na mdaiwa ana haki ya kubadili mawazo, na afadhali abadili akiwa bado hajakopa. Katika shule ya biashara ya Harvard, Lerner na Malmendier walikuta kwamba walioketi na wenzao wengi waliowahi kuwa na biashara walifungua biashara kwa uchache zaidi, na zilizopungua ni hasa zile zisizofanikiwa.

Upande wa pili nao una ushahidi. Souitaris na wenzake (2007) waliwafuatilia wanafunzi wa sayansi na uhandisi London na Grenoble: nia ilipanda, ila kilichoipandisha zaidi kilikuwa hamasa, si maarifa. Hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi, maana hamasa hailipi mkopo.

Isitoshe, mengi huamuliwa kabla ya chuo. Utafiti wa watoto wa kulea nchini Sweden ulionyesha kuwa mtoto wa mjasiriamali huelekea kufuata njia hiyo, na mchango wa waliomlea ni mkubwa kuliko wa waliomzaa. Kisha kuna fedha: Blanchflower na Oswald (1998) walikuta Uingereza kwamba aliyepata urithi au zawadi ya fedha ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujiajiri.

Sasa wachukue wanafunzi wawili walioacha wazo la biashara baada ya kozi ileile. Mmoja amegundua kazi hiyo haimfai. Mwingine inamfaa sana, ila akianguka hana wa kumwinua, na nyumbani wanasubiri mshahara wake. Wa kwanza kozi imemsaidia. Wa pili anahitaji mtaji, wala hotuba nyingine haitambadilisha. Dodoso la mwisho wa muhula huwahesabu wote wawili pamoja, kwa kuwa haliulizi kwa nini.